Mume wangu katolewa uvimbe kichwani, sasa simwelewi kabisa. Atarudi kuwa yule wa zamani?

*"Dokta, mume wangu ana miaka 46. Wiki sita zilizopita alifanyiwa oparesheni ya kichwa, wakamtoa uvimbe upande wa kushoto mbele, majibu yakaja ni meningioma gredi 1, tukaambiwa si kansa na umetoka wote. Tulishukuru sana. Ila tangu arudi nyumbani simwelewi. Mchana analala, usiku yuko macho. Akiamka anakaa tu, usipomwambia kaoge haogi. Maneno yanampotea, anataka kikombe anasema 'kile cha kunywea'. Hasira za ghafla, na huyu hakuwahi hata kumfokea mtoto. Uso umevimba, anakula kila saa. Anasema akigeuza kichwa anasikia tik ndani. Bado yuko kwenye deksamethasoni ambayo anapunguziwa kidogo kidogo na levetirasetamu asubuhi na jioni, na juzi kaniambia anaacha zote mbili kwa sababu zinamharibu. Ndugu zake wanasema amekuwa mvivu, wengine wanasema ubongo ukishaguswa ndo basi tena. Yeye anataka kurudi kazini mwezi ujao na kuanza kuendesha gari. Ubongo umeharibika? Uvimbe umerudi? Naomba uniambie ukweli."*

Dada yangu, pole sana, na hongera kwa kumshika shemeji mkono mpaka hapa. Maswali yako yote nitayafikia ila kabla sijagusa lingine naomba tuanze na dawa, maana hapo ndo pana hatari ya leo hii. Asiache. Hata kama uso umevimba, hata kama amechoka nazo, asiache ghafla hata moja kati ya hizo mbili bila daktari wake kujua.

Kwanini nakazia hivi. Deksamethasoni ni steroidi, alipewa ili kushusha uvimbe wa maji unaozunguka sehemu iliyofanyiwa kazi. Sasa mwili wetu wenyewe unatengeneza steroidi yake kila siku, kuna tezi mbili ndogo zimekaa juu ya figo, kazi yao ndo hiyo. Mtu akimeza hivi vidonge zaidi ya wiki mbili tatu hizo tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine zinalala. Ukikata dawa ghafla zinakuwa bado hazijaamka, mwili unabaki hauna kitu, mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inashuka, sukari inashuka, anaweza kuzimia na anaweza hata kufa. Ndo maana anapunguziwa kidogo kidogo, si kwamba daktari anamchelewesha, ni kuzipa zile tezi muda wa kuamka. Na levetirasetamu ni ya kuzuia kifafa, ubongo ulioguswa mbele pale ni mwepesi kupata degedege, na kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege zinazofuatana bila kukoma hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka hata siku moja. Nimesikia watu wakisema dawa za kifafa zinamfanya mtu awe teja. Si kweli, hazina ulevi huo, shida ni kuzikatisha tu.

Lakini shemeji hajakosea kulalamika, na hapa ndo naomba ndugu wasikilize vizuri. Kukosa usingizi usiku, njaa isiyoisha, uso kuvimba, hasira, vyote hivyo steroidi inaleta. Levetirasetamu nayo inajulikana kabisa kwa kuwafanya baadhi ya watu wawe na hasira za karibu, wengine inawatia huzuni nzito. Yaani mtu anameza dawa mbili ambazo zote zinagusa hisia, alafu tunashangaa mbona amebadilika! Kwa hiyo suluhisho lipo, ila ni la daktari wake. Dawa ya kifafa inaweza kubadilishwa kuwa aina nyingine, na yapo mazingira ambayo mtu asiyewahi kupata degedege anapunguziwa mpaka anaachishwa kabisa. Steroidi mara nyingi inahamishiwa asubuhi na mchana mapema ili usiku mtu alale, muulizeni kuhusu hilo. Aimeze akiwa ameshakula, na asichanganye na dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, zikikutana zinachubua tumbo mpaka linatoa damu. Kama ana kiu sana na anakojoa mara kwa mara apimwe sukari haraka, steroidi inapandisha sukari hata kwa mtu ambaye hakuwa na kisukari. Mwangalie pia akiinuka kwenye kiti, kama anajisukuma kwa mikono hiyo ni misuli ya mapaja imelegea, na mdomoni ukiona utando mweupe ni fangasi, vyote mwambie daktari. Uso wenyewe utarudi, unachukua wiki kadhaa hata miezi baada ya dawa kuisha ila unarudi.

Sasa tuje kwenye oparesheni yenyewe. Watu wengi wakisikia "si kansa" wanadhani basi ni jambo dogo, mtu ametolewa kijivimbe, akishonwa ameshapona. Meningioma inaota kwenye utando unaofunika ubongo, haiharibu ubongo kwa kuula kama kansa bali inausukuma, tena taratibu mno, inaweza kuwa ilikuwa inakua miaka na miaka bila yeye kujua. Ubongo unajibana, unazoea kubanwa. Siku ya oparesheni wanatoa kipande cha fuvu, wanafungua ule utando, wanausogeza ubongo kidogo ili kupata njia, wanautenganisha uvimbe na mishipa ya damu, alafu wanarudisha mfupa. Kwa ubongo ule hayo ni mambo makubwa hata kama oparesheni ilienda vizuri asilimia mia. Unavimba, na uvimbe huo wa mwanzo unakuwa mkali zaidi kama siku ya pili mpaka ya nne, baada ya hapo unashuka pole pole kwa wiki kadhaa. Alafu lile eneo lililokuwa limebanwa miaka yote linaanza upya kujipanga. Ngozi inaonekana imepona ndani ya wiki mbili, nyuzi zimetolewa, nywele zinaota, kila mtu anamwangalia anasema huyu mzima. Ndani kazi ndo kwanza inaendelea.

Ile tik isikutishe. Kipande cha mfupa kimerudishwa kwa vibati vidogo na skurubu, mara nyingi ni vya titani, na mfupa unachukua miezi kushikana, hata mwaka. Kabla haujashikana vizuri watu wengine wanasikia mlio wakigeuka au wakitafuna, na unapungua wenyewe. Ganzi kwenye ngozi ya kichwa, kuwashwa, kama sisimizi wanatembea, hiyo ni mishipa midogo ya fahamu ya ngozi iliyokatwa njiani inaota tena. Ninachotaka kujua mimi ni kama mfupa unacheza ukigusa, kama pamebonyea au pamevimba kwa maji, au kuna kitu kinachuruzika. Hivyo vionwe na aliyemfanyia.

Kulala mchana. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote, na hapo ni ubongo mzima uliotulia. Huu wa shemeji unajitengeneza na wakati huo huo unaombwa usikilize wageni, ufuate mazungumzo ya watu watano kwa pamoja, uchuje kelele za tivii. Kabla ya oparesheni kuchuja kelele kulikuwa kunajifanya kwenyewe, sa hivi ni kazi anayoifanya kwa kukusudia na inamaliza nguvu kuliko kubeba mzigo. Uchovu huu hauendi kwa kunywa kahawa wala kwa kulala usiku mmoja vizuri. Ndo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote, na ndo yanayokaa muda mrefu kuliko yote, miezi, kwa wengine unafika mwaka. Kosa ninaloliona kila mara ni hili, mgonjwa anaamka siku moja anajisikia vizuri, anafanya kila kitu alichokuwa amekiacha, kesho yake na keshokutwa hainuki kitandani. Amekopa nguvu za kesho na deni hilo linalipwa na riba. Kwa hiyo apumzike kabla hajachoka. Afanye kitu nusu saa, apumzike, hata kama anasema bado yuko sawa. Usingizi wa mchana uwe mmoja au miwili, saa zilezile, usizidi kama saa moja, na usiwe jioni, la sivyo usiku utaendelea kuwa mchana. Na atembee kila siku, pole pole tu, kutembea kunasaidia huu uchovu kuliko kulala muda wote. Wageni waje wachache wachache na wakae kidogo, na wewe ndo mlinzi wa mlango kwa hilo, usione haya.

Uvivu sasa. Hili neno linaniuma kwa sababu nimeona linavyovunja watu. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayoanzisha mambo. Wewe ukikaa ukawaza "nikaoge" kuna kitu kinachokunyanyua kutoka kwenye wazo kwenda kwenye tendo, na kitu hicho kiko hukohuko mbele alikofanyiwa oparesheni. Kwa shemeji wazo lipo, nia ipo, ila ile hatua ya kuanza haiji. Mvivu anajua anachokwepa na anakwepa makusudi, akipewa anachokipenda anachangamka haraka. Huyu hata vitu alivyokuwa anavipenda havianzi, na ukimwanzishia anaendelea nao vizuri tu. Hapo ndo pa kumsaidia, mwanzishie. Usiseme "mbona hujaoga", hilo litaleta ugomvi na halitaleta kuoga. Mpe taulo mkononi, nenda naye mpaka mlangoni. Ratiba ya siku iandikwe ibandikwe ukutani, vitu vitatu vinne tu, saa zilezile, simu ilie kumkumbusha. Usimuulize "unataka kufanya nini leo", ni swali zito mno kwa sasa, muulize "tutembee sasa hivi au baada ya chakula?" Uzoefu wangu ni kwamba familia zikielewa hili jambo moja tu nyumba inapata amani hata kabla mgonjwa hajapata nafuu.

Kupotea maneno ni kwa sababu kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto. Majina ya vitu ndo yanayosumbua zaidi na jioni akiwa amechoka yanazidi. Mtu anayesema "kile cha kunywea" anajua kikombe ni nini, akili yake iko pale pale, ni njia ya kufika kwenye jina ndo ina vurugu. Mpe muda, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujamsaidia. Usimfanyie mtihani mbele za watu, "hiki kinaitwaje, na hiki?", wengi wanafanya hivyo kwa upendo ila kwake ni fedheha. Na mwombee rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya lugha na usemi, usisubiri mpaka mje kuambiwa, mazoezi ya miezi ya mwanzo yana faida kubwa.

Hasira nimeshasema sehemu yake ni dawa. Sehemu nyingine ni ile ile sehemu ya mbele, ndiyo breki yetu ya kutosema kila tunachohisi. Na sehemu ya tatu ambayo watu hawaitaji ni kwamba huyu ni mwanaume wa miaka 46 ambaye juzi tu alikuwa anaendesha gari na kuendesha nyumba, leo anaambiwa kaoge. Anaomboleza dada, na maombolezo ya watu wengi yanatoka kama hasira. Akiwaka usibishane naye hapo hapo, punguza kelele, toka chumbani, mtazungumza akitulia. Watoto waambiwe wazi kwamba kichwa cha baba kinapona na wao hawajakosea kitu. Ila akifika hatua ya kupiga mtu au kurusha vitu usivumilie ukidhani ni ugonjwa tu, ondoka na watoto na mpigie daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akisema amechoka kuishi au ni bora angekufa, hiyo ni dharura, usimwache peke yake, na mtaje hiyo levetirasetamu kwa daktari kwa sababu inaweza kuwa na mkono wake.

Uvimbe umerudi? Kwa meningioma gredi 1 iliyotoka yote, kukua tena mpaka kuleta dalili ndani ya wiki sita si tabia yake, inakua taratibu. Unayoniandikia yote yana maelezo mengine. Ila kuna kitu nataka ukishike, baadhi ya hizi meningioma zinarudi baada ya miaka, hata zile gredi 1, kwa hiyo MRI za kufuatilia, yaani zile picha za ndani ya kichwa, asiziruke. Mara nyingi ya kwanza inakuwa kama miezi mitatu baada ya oparesheni, baadaye kila mwaka, daktari wake ndo atapanga. Asije akajisikia mzima mwaka wa pili akaona ya nini.

Na swali lako kubwa, atarudi? Wewe umeomba ukweli. Wengi wenye hali kama yake wanapata nafuu kubwa. Kasi inakuwa kubwa miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo, baada ya hapo inapungua lakini haisimami, nimeona watu wakiendelea kupata nafuu mwaka wa pili. Ubongo una uwezo wa kuhamishia kazi kwenye sehemu zilizo nzima, na unafanya hivyo kwa mazoezi ya kila siku, ndo maana wale wanaosema ubongo ukiguswa basi tena wamekosea. Lakini pia kuna wanaobaki na kitu, wanachoka mapema kuliko zamani, kumbukumbu si ile, au uvumilivu kwenye kelele umeisha. Siwezi kukuahidi yeye atakuwa upande upi, wiki ya sita ni mapema mno kuhukumu. Na haitapanda moja kwa moja, kutakuwa na wiki nzuri alafu siku mbili mbovu, mfananishe na alivyokuwa mwezi uliopita, usimfananishe na jana. Andika kwenye daftari, maana wewe unayemwona kila siku hutaona anavyopanda.

Sasa yapo mambo ambayo hayasubiri kliniki. Mpeleke hospitali haraka kama kichwa kinauma kwa kuzidi kila siku badala ya kupungua, hasa kikiambatana na kutapika. Kama anasinzia kiasi kwamba kumwamsha ni kazi, au amechanganyikiwa ghafla hajui yuko wapi. Mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, mdomo ukipinda, usemi ukiharibika kuliko ulivyo sasa. Homa, shingo kukaza, kidonda kuwa chekundu au kutoa usaha au majimaji meupe kama maji, na hata maji hayo yakitoka puani ni dharura. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana na kifua kuchoma, hiyo inaweza kuwa damu imeganda mguuni ikapanda kwenye mapafu, baada ya oparesheni za kichwa inatokea na inaua.

Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, legeza nguo shingoni, angalia saa. Usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko si kidole, ulimi haumezwi, utamvunja meno au utamziba pumzi. Usimshike kwa nguvu. Ikizidi dakika 5, au ikiisha ikaanza nyingine kabla hajapata fahamu, ita msaada wa dharura hapo hapo. Na hata ikiisha haraka, kama ndo ya kwanza kwake, aonwe siku hiyo.

Gari mwezi ujao, hapana. Najua hataipenda. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, kwingi ni miezi kadhaa bila kuendesha, na akipata degedege muda unaanza kuhesabiwa upya, daktari wake ndo atasema ni lini kwa mujibu wa sheria ya huko mliko. Lakini hata bila sheria, sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayofanya maamuzi ya haraka, gari linapokatiza mbele yako hakuna muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kwa sababu hiyo hiyo asipande ngazi ndefu, asiogelee peke yake, akioga asijifungie na komeo, na pombe aiache kabisa kwa sasa. Kazini inategemea anafanya nini. Kama ni kazi ya mashine au ya kupanda juu, mwezi ujao haiwezekani. Kama ni ya mezani nayo mwezi ujao ni mapema kwa hali uliyonielezea, wengi wanaanza baada ya miezi mitatu hivi au zaidi, na wanaofanikiwa ni wale wanaoanza kwa saa chache, siku chache, alafu wanaongeza. Nimeona watu wamerudi mapema kwa kazi nzima, wakashindwa wiki ya pili, na kule kushindwa kukawarudisha nyuma kuliko wangesubiri.

Kesho asubuhi piga simu kliniki iliyomfanyia oparesheni, usisubiri tarehe yake. Waambie kwa maneno haya, anataka kuacha dawa, ana hasira mpya tangu aanze levetirasetamu, halali usiku, na hajapimwa sukari tangu atoke wodini kama kweli hajapimwa. Omba rufaa ya fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) na ya tiba ya usemi, na uulize kama wana mwanasaikolojia anayepima kumbukumbu na umakini, hicho kipimo ndo kitakachosaidia kwenye kupanga kazi. Nenda na vidonge vyote mkononi pamoja na ripoti ya maabara, na shemeji aingie mwenyewe aseme kwa maneno yake dawa zinavyomfanya, hata yakichelewa kutoka. Ndugu mmoja kati ya wale wanaosema ni mvivu aende nanyi, akae ndani, amsikie daktari kwa masikio yake.